Kuchagua baruti ya marisau kwa risasi za shabaha za bastola: mwongozo kwa anayeanza

Swali hili hurudi kila mara kutoka kwa watu wanaojaza wenyewe risasi za marisau za kupigia visahani vya udongo, kisha wakanunua bastola ya shabaha: je, dumu la baruti lililopo gereji linaweza kutumika pia kwenye risasi za bastola za .38 Special au .45 ACP? Mara nyingi linaweza, kwa kuwa baadhi ya baruti zinazoheshimika zaidi katika mashindano ya bastola nchini Marekani zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya marisau. Hata hivyo, si kila baruti ya marisau inafaa, na ile inayofaa hutumika kwa vipimo vyake yenyewe tu. Kigezo ninachokitetea katika mwongozo huu ni kimoja: kwa anayeanza, baruti bora ni ile yenye jedwali rasmi la risasi yake na inayojaza ganda kiasi cha kuonekana kwa macho, ili kosa la mkono lionekane kabla kichwa, yaani kipande kinachoruka, hakijakandamizwa juu yake. Usafi wa mtutu, bei na sifa za kusimuliwa hufuata baada ya hapo.

Mwongozo unamhusu msomaji aliyeko Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimtaki mtu kuwa na leseni anapojaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa kuzitengeneza ili kuziuza kunahitaji leseni, na jimbo au mji wako unaweza kuwa na masharti ya ziada. Kenya na Tanzania hali ni tofauti kabisa, kwani huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Msomaji wa huko asome kwa kutaka kujua, asifanye.

Maneno yanayotumika hapa

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kitakoni inayowasha baruti, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Baruti hupimwa kwa greni. Ratili moja ina greni 7,000. Shinikizo hutajwa kwa psi, yaani ratili kwa kila inchi ya mraba, na vikomo vyake huwekwa na SAAMI, taasisi ya viwanda vya silaha na risasi ya Marekani.

Mahitaji kabla ya kuanza

Ninachukulia kwamba tayari unayo presi (mashine ya mkono ya kukandamizia), kalibu za risasi yako, maganda yaliyosafishwa, fataki na vichwa. Kwa kazi ya kuchagua baruti, ongeza yafuatayo:

- Kitabu cha vipimo cha toleo la karibuni, pamoja na jedwali la mtengenezaji wa baruti yenyewe. Hodgdon na Alliant hutoa majedwali yao bure, na kampuni za vifaa na vichwa kama Lyman na Hornady huchapisha vitabu vyao.
- Mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greni, pamoja na mawe ya kuihakiki. Mizani ya kielektroniki huyumbishwa na upepo wa feni na baadhi ya taa za mirija, kwa hiyo iweke mahali palipotulia.
- Chombo cha kugawia baruti kinachorekebishika, chenye tangi na mrija wa kushushia.
- Kalipa ya kupimia urefu wa risasi iliyokamilika.
- Kifaa cha kupima kasi ya risasi, cha kununua au cha kuazima klabuni.
- Taa ndogo yenye mwanga mkali, ya kumulika ndani ya kila ganda.
- Miwani ya kukinga macho, daftari na kalamu.

Nadharia kidogo, ya lazima tu

Bunduki ya marisau hufanya kazi kwa shinikizo dogo. Kikomo cha SAAMI kwa risasi ya kawaida ya marisau ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) yenye urefu wa inchi 2¾ ni psi 11,500. Kwa .38 Special ya kawaida ni 17,000, kwa .45 ACP ni 21,000, na kwa 9mm Luger ni 35,000. Baruti ya kupigia visahani husukuma mzigo mwepesi wa marisau, kwa hiyo imeundwa iungue haraka na iungue yote hata pale shinikizo lisipopanda sana. Hiyo ndiyo hali iliyomo ndani ya risasi nyepesi ya shabaha ya .38 au ya .45, na ndiyo sababu baruti ileile huungua humo bila kuacha punje mbichi mtutuni.

Wepesi huo una upande wa pili. Baruti inayoungua haraka hupandisha shinikizo ghafla kadiri kipimo kinavyoongezwa, na katika ganda dogo kama la 9mm nafasi ya kukosea ni finyu mno. Kwa sababu hiyo ninamshauri anayeanza aanze na .38 au .45, na aiache 9mm hadi mkono wake uzoee.

Hatua ya 1: Eleza risasi unayoitaka kabla ya kutaja baruti

Andika daftarini aina ya bastola, risasi yake, uzito na umbo la kichwa, kama kichwa ni cha risasi tupu (yaani madini ya risasi yasiyofunikwa), kimepakwa rangi au kimevikwa shaba, na kasi unayoitaka. Anayepiga shabaha ya karatasi kwa yadi 25 na 50, kama wanavyofanya washindani kwenye viwanja vya Camp Perry kule Ohio, hahitaji nguvu nyingi. Anahitaji teke dogo na mashimo yaliyokaribiana. Risasi zilizozoeleka hapo ni .38 Special yenye kichwa bapa cha greni 148, kinachokata tundu safi la duara kwenye karatasi, na .45 ACP yenye kichwa cha nusu bapa cha greni 185 au 200.

Anayeshindana katika USPSA, chama cha Marekani cha mashindano ya bastola ya kasi, ana sharti jingine: uzito wa kichwa kwa greni ukizidishwa na kasi kwa futi kwa sekunde, kisha ukagawanywa kwa 1,000, lazima ufikie 125 kwa daraja la chini. Kichwa cha greni 200 kinachoruka futi 750 kwa sekunde kina 150, kwa hiyo kimevuka bila taabu.

Bastola yenye slaidi, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma kila inapopigwa, inadai jambo moja zaidi, nalo ni risasi yenye msukumo wa kutosha kurudisha slaidi nyuma kabisa. Revolva haijali hilo, kwa kuwa silinda huzungushwa na mkono wako.

Hatua ya 2: Soma jina la baruti yako herufi kwa herufi

Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini majina ya baruti za marisau yanafanana kwa namna ya hatari. Hodgdon imewahi kuuza Clays, International Clays na Universal Clays, na hizo ni baruti tatu tofauti zenye kasi tatu tofauti za kuungua. Alliant nayo ina Clay Dot, ambayo si yoyote kati ya hizo. Red Dot, Green Dot na Blue Dot zinatoka katika nyumba moja, lakini Red Dot ni ya haraka na Blue Dot ni ya polepole, iliyokusudiwa mizigo mizito ya uwindaji.

Iwapo dumu halina kibandiko, au kibandiko kimeandikwa kwa mkono na mtu mwingine, usilitumie. Kuangalia punje hakusaidii. Ni kweli kwamba Red Dot ina punje chache zilizotiwa rangi nyekundu na Green Dot ina za kijani, lakini baruti nyingi ni kijivu tupu, na mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana ndani ya ganda.

Kwa sababu hiyohiyo, usikate risasi za marisau za kiwandani ili uchukue baruti yake. Kiwanda hununua baruti kwa wingi na kurekebisha kipimo kwa kila shehena kwa vyombo vyake vya kupimia shinikizo. Baruti hiyo haina jina wala jedwali utakaloweza kulifuata.

Hatua ya 3: Tafuta jedwali la mchanganyiko wako kamili

Ukishalijua jina, fungua jedwali la mtengenezaji na utafute mstari wenye risasi yako, uzito wa kichwa chako, aina ya kichwa chako na baruti yako. Mambo hayo manne yakutane katika mstari mmoja. Kama baruti yako haimo katika orodha ya risasi unayoijaza, hukumu imeshapita: hiyo si baruti ya bastola hiyo, hata kama jirani yako klabuni anaitumia kila Jumamosi.

Nasisitiza aina ya kichwa kwa sababu wengi huishia kwenye uzito. Vichwa viwili vya greni 200 vinaweza kutofautiana kwa urefu, na kile kirefu huingia ndani zaidi ya ganda na kupunguza nafasi ya baruti, hivyo kuongeza shinikizo bila wewe kuongeza hata punje moja. Kichwa kilichovikwa shaba hukwaruzana na mtutu kuliko cha risasi tupu, kwa hiyo vipimo vyake haviazimwi. Jedwali hutaja pia urefu wa risasi iliyokamilika, nao ni sehemu ya kipimo sawasawa na greni za baruti.

Katika mwongozo huu sitoi kipimo cha baruti yoyote, kwa makusudi. Kipimo unachokitumia kitoke katika jedwali lililo wazi mbele yako siku unayofanya kazi, la toleo la sasa, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha vipimo vyao na wakati mwingine huviondoa kabisa. Mwaka 2008 Alliant iliwatahadharisha watu wasitumie Blue Dot katika .41 Magnum kwa kichwa chochote, wala katika .357 Magnum yenye kichwa cha greni 125, ilhali vitabu vya zamani vilivyoruhusu hayo bado vimo kwenye rafu za watu.

Jihadhari vilevile na lugha ya marisau yenyewe. Namba ya dramu iliyoandikwa kwenye pakiti za risasi za marisau hueleza kasi kwa kulinganisha na baruti nyeusi ya zamani, na haina uhusiano na greni utakazoweka. Vivyo hivyo namba za vijazio (vikombe vya kupimia) vya presi ya marisau hupima ujazo, nao si uzito. Mfano mzuri ni Promo, baruti ya bei nafuu ya Alliant: hufuata vipimo vya Red Dot kwa uzito, lakini wingi wake kwa ujazo hubadilika, kwa hiyo anayeipima kwa kijazio cha Red Dot anajidanganya. Weka mizani mezani na uiamini hiyo.

Hatua ya 4: Tazama baruti inavyokaa ndani ya ganda

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atumie muda wake mwingi. Ajali mbaya zaidi ya kujaza risasi za shabaha ni ganda kupokea baruti mara mbili, na ajali hiyo inawezekana kwa sababu kipimo cha shabaha ni kidogo mno kulinganisha na nafasi iliyopo. Ganda la .38 Special lilibuniwa enzi za baruti nyeusi, na kwa kipimo chepesi sehemu kubwa yake hubaki tupu.

Chukua ganda ambalo fataki yake imekwisha kulipuka na haijatolewa, ili baruti isivuje na kusiwe na hatari yoyote. Pima kwenye mizani kipimo cha juu cha jedwali lako, ukimimine ndani, umulike kwa taa na kutazama kimefika wapi. Kisha mimina kipimo cha pili juu ya kile cha kwanza. Ganda la 9mm likipewa Red Dot au Unique namna hiyo litafurika, baruti imwagike juu ya meza, na hapo hata mtu aliyechoka atashtuka. Katika .45 ACP kwa kawaida haitafurika, lakini itapanda juu kiasi kwamba kichwa hakitapata pa kukaa. Katika .38 yenye kipimo chepesi vipimo viwili huingia vizuri, ila kwa baruti inayochukua nafasi kubwa tofauti ya kimo huonekana waziwazi.

Rudia jaribio hilo kwa baruti iliyoshikamana kama Titegroup, ambayo Hodgdon iliiunda kwa bastola, na utaelewa ninachokisema. Titegroup ni baruti nzuri: inahitajika kidogo, haijali sana ilivyolala ndani ya ganda, na hupita kwenye chombo kwa usawa wa kupendeza. Lakini kwa uzito uleule hukalia nafasi ndogo kwa wazi kuliko Red Dot, na ndani ya .38 huonekana kama vumbi tu lililotua kwenye sakafu ya ganda, iwe mara moja au mbili. Mtu mwenye uzoefu na utaratibu usioyumba anaweza kuitumia maisha yake yote. Anayeanza sioni sababu ya kumpa.

Yaandike matokeo daftarini: kipimo kimoja kimefika wapi, viwili vimefika wapi. Kimo hicho cha kwanza ndicho jicho lako litakachokitafuta katika kila ganda baadaye.

Hatua ya 5: Pima jinsi inavyopita kwenye chombo

Baruti za marisau nyingi ni vibapa vyepesi kama pumba, navyo hupenda kujengana daraja ndani ya mrija. Daraja likitokea, ganda moja hupata pungufu na linalofuata hupata ziada, yaani makosa mawili kwa mpigo mmoja. Baruti za punje za mviringo, kama WST ya Winchester, hazina tabia hiyo.

Jaza tangi angalau nusu, achia vipimo kadhaa na uvirudishe tangini hadi baruti itulie, kisha pima mmoja mmoja vipimo 20 na kuandika kila uzito. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya greni juu au chini ya wastani ni ya kawaida kwa vibapa na inakubalika kwa shabaha. Ukiona tofauti ya sehemu tatu au nne, badilisha mwendo wa mkono wako kwanza, uwe uleule kila mara, na ugonge mpini kwa nguvu ileile mwishoni. Isiporekebika, baruti hiyo na chombo hicho havielewani, na ni afadhali kujua sasa. Mdomo mpana wa ganda la .45 husamehe zaidi kuliko mdomo mwembamba wa 9mm au .38.

Hatua ya 6: Jaza chache, anzia chini

Anza na kipimo cha chini cha jedwali. Likitaja kipimo cha juu peke yake, utaratibu wa kawaida ni kupunguza asilimia 10, isipokuwa mtengenezaji amekataza. Jaza risasi 10 za kipimo hicho, kisha 10 nyingine zilizoongezwa sehemu mbili za kumi za greni, na kadhalika, bila kuvuka katikati ya jedwali katika siku ya kwanza. Karibu kila mara kipimo kinachopiga vizuri shabaha hupatikana katika nusu ya chini.

Usijaribu kwenda chini ya kipimo cha kuanzia ili upate teke dogo zaidi. Kichwa kinaweza kukosa nguvu ya kutoka na kubaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikapasua mtutu huo mkononi mwako. Kwa kichwa bapa chenye tundu kitakoni, cha .38, kuna hatari nyingine upande wa juu: kikisukumwa kwa kasi kubwa, sketi yake laini inaweza kukatika na kubaki mtutuni huku sehemu ya mbele ikifika kwenye shabaha kana kwamba hakuna kilichotokea. Risasi hizo ziwe za mwendo mpole daima.

Tumia trei yenye matundu ya maganda. Jaza baruti maganda yote 50, kisha umulike safu kwa safu kabla hujaweka kichwa hata kimoja. Anayetumia presi yenye vituo kadhaa inayozunguka amulike kila ganda linapopita, na asirudishe mpini nyuma katikati ya mwendo kwa sababu yoyote ile. Kikikwama kitu, ayaondoe maganda yote yaliyo kwenye vituo na kuanza upya.

Hatua ya 7: Jaribu kama baruti inajali ilivyolala

Ndani ya ganda lenye nafasi kubwa, baruti inaweza kulala karibu na fataki au karibu na kichwa. Ukiwa kwenye uwanja, kwa ruhusa ya msimamizi na mtutu ukielekea upande wa shabaha muda wote, weka kifaa cha kupima kasi, kisha piga risasi 5 baada ya kuinua mtutu kidogo na kuushusha polepole, na nyingine 5 baada ya kuuinamisha kidogo na kuupandisha polepole. Linganisha wastani wa makundi hayo mawili. Tofauti ndogo haina maana kwa yadi 25. Tofauti kubwa inamaanisha kwamba risasi zako zitapanda na kushuka kwenye karatasi kulingana na jinsi unavyoinua mkono, na kwa bastola hiyo baruti inayojaza zaidi itakufaa kuliko hiyo.

Hatua ya 8: Piga kwa utulivu, kisha uamue

Egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, piga makundi ya risasi 10 kwa yadi 25, na andika kasi ya kila moja. Kundi la risasi 5 hudanganya. Baruti itakayobaki ni ile iliyotoa kundi dogo, ikarudisha slaidi kila mara, na isiache punje mbichi nyingi. Masizi si hoja kubwa. Unique, iliyopo tangu mwaka 1900 na ambayo hutumika kwa bastola na marisau sawia, imesemwa kwa uchafu wake kwa miaka mingi na bado watu wanashinda nayo.

Bei iangalie mwisho kabisa. Kwa mfano wa hesabu tu, kipimo cha greni 4 hutoa risasi 1,750 kutoka ratili moja, na dumu la ratili 8 hutoa 14,000. Tofauti ya dola 5 kwa ratili haifiki theluthi ya senti kwa risasi moja.

Baruti ninazoziweka mbele kwa anayeanza

Kwa .45 ACP yenye kichwa cha nusu bapa, ningeanza na WST, kwa kuwa ni ya haraka, hupita vizuri kwenye chombo na ina wafuasi wengi miongoni mwa wapigaji wa shabaha. Kwa aliye na dumu la Red Dot, iliyopo tangu 1932, au la Clays, nazo zinatosha bila kununua kitu kingine, mradi hatua ya 5 imekwenda vizuri. Kwa anayetaka kopo moja la .38, .45, na baadaye 9mm, Unique na Universal (ile iliyoitwa Universal Clays) zina kasi ya wastani ya kuungua, hujaza ganda, na zina majedwali mapana. Kumbuka kwamba Winchester 231 na HP-38 ya Hodgdon ni baruti moja yenye majina mawili, kwa hiyo ukikosa moja dukani, uliza nyingine. Hiyo ni habari ya jozi hiyo peke yake, na isikufanye udhani kwamba majina mengine nayo yanabadilishana.

Blue Dot na baruti nyingine za mizigo mizito ya uwindaji ziache. Hazikuundwa kuungua vizuri katika kipimo chepesi.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kuweka makopo mawili ya baruti juu ya meza kwa wakati mmoja. Weka moja, na mengine yabaki kabatini. Kazi ikiisha, rudisha baruti ya tangini kwenye kopo lake siku ileile, kwani ikilala humo utasahau ni ipi, na nyingi kati ya hizi huharibu plastiki ya tangi. Kama una shaka hata kidogo kuhusu kilichomo tangini, usikirudishe kokote, kitupe.

La pili ni kuchanganya mabaki ya makopo mawili, hata yakiwa na jina moja. Shehena mpya hupimwa upya: shuka kidogo, pima kasi, halafu panda.

La tatu ni kusoma shinikizo kwenye fataki. Watu wameambiwa kwamba fataki iliyobapatika ni ishara ya hatari, na kwa bunduki za shinikizo kubwa ni kweli kwa kiasi fulani. Kwa .38 na .45 ishara hiyo huja wakati kikomo kimeshapitwa kwa mbali, kwa hiyo kutokuiona hakukupi ruhusa ya kuongeza.

Matatizo na tiba zake

*Slaidi hairudi nyuma kabisa au haitoi ganda.* Ongeza kipimo sehemu moja ya kumi kwa wakati ndani ya jedwali. Ukifika katikati ya jedwali na bado hairudi, tafuta springi nyepesi iliyokusudiwa risasi za shabaha badala ya kuendelea kuongeza baruti.

*Punje mbichi nyingi mtutuni na masizi ubavuni mwa ganda.* Shinikizo ni dogo mno kiasi kwamba ganda halijatanuka na kuziba chemba, yaani nafasi linamokaa ganda wakati wa kupiga. Hakikisha kwanza kwamba mdomo wa ganda umekazwa sawasawa kwenye kichwa, kisha panda kidogo. Tatizo likibaki, hamia baruti ya haraka zaidi iliyomo katika jedwali.

*Kasi inatofautiana sana kati ya risasi na risasi.* Rudia hatua ya 5 na ya 7, na upime urefu wa risasi zilizokamilika. Mara nyingi lawama hupewa baruti ilhali ukazaji wa mdomo ndio usio sawa.

*Mlio hafifu na teke lisilo la kawaida.* Acha kupiga papo hapo, elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri angalau nusu dakika, toa risasi zote, kisha chungulia mtutu kutoka upande wa chemba, au upitishe kijiti cha mbao au cha shaba nyeupe. Risasi zote zilizobaki za kundi hilo zipimwe au zifumuliwe.

*Moshi mwingi na madini ya risasi kuganda mtutuni.* Moshi wenyewe mara nyingi ni mafuta ya kichwa yanayochomwa na baruti yenye joto kali. Kichwa kikubwa kwa sehemu moja ya elfu ya inchi kuliko mtutu, au kilichopakwa rangi, huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

*Dumu la zamani lina harufu kali ya tindikali, au unga mwekundu wa kutu unaonekana baruti ikimiminwa.* Baruti hiyo imeanza kuoza na inaweza kujipasha moto yenyewe. Usiitumie wala usiihifadhi. Itoe nje ya nyumba na upigie kikosi cha zimamoto cha mji wako kwa namba isiyo ya dharura, uwaulize namna wanavyotaka iteketezwe. Baruti nzima iliyobaki ikae katika makopo yake ya asili, mahali pakavu, penye ubaridi, palipofungwa na mbali na watoto. Kanuni ya NFPA 495, ya taasisi ya Marekani ya kuzuia moto, inaruhusu hadi ratili 20 nyumbani katika makopo hayo, na kuanzia hapo hadi ratili 50 inadai sanduku la mbao lenye kuta za unene wa angalau inchi 1.